Jagi lenye painti mbili: miezi mitatu na chombo cha kupimia nilichonunua Kisumu

Jagi ninalolifanyia tathmini hapa ni la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, la lita 2, lenye mkono mnene na mdomo mzuri wa kumiminia. Nililinunua miezi mitatu iliyopita katika duka la vyombo vya nyumbani katikati ya mji wa Kisumu kwa shilingi 450, na halina jina la mtengenezaji popote, si kwenye kitako wala kwenye boksi. Lilikuja pamoja na vijiko vinne vya kupimia, na ubavuni lina safu nne za mistari, yaani mililita, vikombe, wakia na painti. Upande mmoja wa boksi umechapishwa jedwali la kubadilisha vipimo vya zamani kuwa vya metriki, na kusema kweli ni jedwali hilo lililonifanya nitoe pesa mfukoni bila kupatana bei.

Kazi yangu ni upishi wa sherehe. Napikia harusi, matanga na mikutano ya makanisa kati ya Kisumu, Maseno na Ahero, na katika kazi hii vitu vya majimaji ndivyo vinavyoleta faida au kuimeza: mafuta ya kukaangia, maziwa ya chai, sharubati, supu. Kwa miaka mingi nilipima maziwa kwa jagi la enameli nililorithi kwa mama, ambalo lina mistari ya painti na halina hata mstari mmoja wa lita. Halikuwahi kuniangusha mpaka mwaka jana, mpwa wangu aliponisomea kwenye simu maelekezo ya kastadi ya watu mia moja yaliyotoka Marekani, yakitaka galoni mbili za maziwa. Nilijua tangu utotoni kwamba galoni ni painti nane, kwa hiyo nikamimina painti kumi na sita za jagi la mama, nikakoroga unga wa kastadi kama ulivyoagizwa, nikafunika. Saa ya kupakua ilipofika, kastadi ilikuwa ikimiminika kama uji wa mgonjwa, na mama wa bwana harusi akaingia jikoni kuniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kama kile kilikuwa cha kunywa au cha kula kwa kijiko.

Unga haukuwa na kosa, na hesabu ya painti nane kwa galoni haikuwa na kosa pia, kwa sababu Mwingereza na Mmarekani wote wawili huhesabu hivyo hivyo. Tofauti iko kwenye galoni yenyewe. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, na ya Kimarekani ni lita 3.785. Galoni mbili za maelekezo yale zilikuwa lita 7.57, ilhali painti kumi na sita za jagi la mama zilikuwa lita 9.09, kwa hiyo nilikuwa nimemwaga ndani ya sufuria lita moja na nusu ya maziwa ambayo hakuna aliyeiomba.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni cha zamani. Uingereza ilikuwa na galoni zaidi ya moja, moja ya mvinyo na nyingine ya bia, na makoloni ya Amerika yalipojitenga yaliondoka na ile ya mvinyo, ambayo ni inchi za ujazo 231. Waingereza wakafuta galoni zao zote mwaka 1824 wakaweka moja tu, iliyopimwa kwa maji yenye uzito wa ratili kumi yakiwa katika joto la nyuzi 62 za Fahrenheit. Wamarekani hawakufuata. Ndiyo maana majina yale yale, galoni, painti na wakia, yanasafiri duniani yakibeba ujazo wa aina mbili, na sisi tuliotawaliwa na Mwingereza lakini tunaosoma mapishi ya Mmarekani tunakutana na yote mawili kwenye meko moja. Hata wakia hazifanani, na hapa jambo linageuka kichekesho: wakia ya Kiingereza ni ndogo kidogo, mililita 28.4 dhidi ya 29.6 za Kimarekani, lakini painti ya Kiingereza hubeba wakia 20 na ya Kimarekani 16 tu, ndiyo maana ya kwanza hufika mililita 568 na ya pili hukomea 473.

Nililinunua jagi jipya, basi, nikitarajia limalize ugomvi huo. Siku ya kwanza niliweka boksi mezani, nikaweka jagi kando yake, nikaanza kusoma vyote viwili kwa pamoja. Boksi linasema painti moja ni mililita 568 na galoni moja ni lita 4.546. Hizo ni za Kiingereza, na ni sahihi. Lakini kwenye ubavu wa jagi, mstari wa painti 1 umechorwa chini ya mstari wa mililita 500, ukielekeana na wakia 16 na vikombe 2. Hiyo ni painti ya Kimarekani. Chombo kimoja, kilichouzwa katika boksi moja, kinakupa painti mbili zinazotofautiana kwa mililita 95, na hakuna mahali popote palipoandikwa neno la kukuonya. Mtu anayelisoma jedwali la boksi kisha akapima kwa mstari wa jagi atapunguza karibu moja ya sita ya kila kitu anachopima, na kama ni kastadi safari hii itakuwa ngumu kama simiti.

Kwa wanaofikiria kununua chombo cha namna hii, cha aina yoyote, kuna jambo moja la kutazama ukiwa bado dukani kabla hujalipa. Tafuta mstari wa painti na mstari wa nusu lita. Painti ikiwa juu ya nusu lita, jagi ni la Kiingereza. Ikiwa chini yake, ni la Kimarekani. Huhitaji kikokotoo wala kumsumbua muuzaji, ambaye kwa uzoefu wangu hajui na hana sababu ya kujua.

Mistari ya mililita niliipima kwa mizani. Nina mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na maji ndiyo shahidi mzuri kuliko wote, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja. Nasema karibu, kwa sababu katika joto la jikoni la Kisumu, ambapo maji ya mtungi huwa na nyuzi 26 hivi, lita moja huwa na gramu 997, upungufu ambao mpishi anaweza kuusahau lakini mpimaji hapaswi kuusahau. Niliweka jagi juu ya meza iliyonyooka, nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na mstari, nikajaza maji hadi sehemu ya chini ya ule mpindo ambao uso wa maji hufanya unapogusa plastiki. Kila mstari niliujaza mara tano nikachukua wastani. Anayesoma akiwa amesimama, akitazama kwa juu, asilaumu jagi lake.

Matokeo yalinifundisha kitu ambacho sikukitarajia. Kwenye mstari wa lita 2 nilipata ziada ya mililita 12, kwenye lita 1 ziada ya 11, kwenye nusu lita ziada ya 8, kwenye mililita 250 ziada ya 14, na kwenye mililita 100 ziada ya 12. Ukiziangalia ziada hizo utaona kuwa zinakaribiana kote, maana yake ni kwamba safu nzima ya mistari ilichapishwa juu kidogo kuliko ilivyostahili. Jagi lina kipenyo cha sentimita 12 hivi, na katika upana huo milimita moja tu ya kimo ni mililita 11 za maji. Kwa hiyo mchapishaji aliteleza kwa milimita moja, basi. Lakini milimita hiyo moja katika lita 2 haifiki hata sehemu moja katika mia, na katika mililita 100 ni sehemu kumi na mbili katika mia. Kwa maziwa ya chai ya watu hamsini sitalalamika. Kwa siki ya achari, au kwa dawa ya kutibu maji, au kwa kitu chochote kinachopimwa kidogo kidogo, jagi hili halifai, na kwa kweli hakuna jagi pana linalofaa kazi hiyo. Chombo chembamba ndicho kinachosema kweli kwenye vipimo vidogo, kwa sababu milimita yake moja ina maji machache.

Vijiko vilivyokuja nalo ni afadhali kuliko jagi lenyewe. Kijiko kikubwa kilipokea mililita 15 na cha chai mililita 5, bila kupungua wala kuzidi kiasi ambacho mizani yangu ingeweza kugundua.

Vikombe ni balaa nyingine. Boksi linasema kikombe ni mililita 250, ambacho ndicho kikombe cha metriki. Ubavu wa jagi unaweka kikombe mahali pa wakia 8 za Kimarekani, yaani mililita 237 hivi. Na yule anayetumia kitabu cha zamani cha Kiingereza atakuwa na kikombe cha nusu painti ya kwao, mililita 284. Kabla hujacheka, nenda kabatini kwako upime vikombe vyako vya chai. Vyangu vitatu vilipokea mililita 300, 350 na 410, na vyote nyumbani tunaviita kikombe kimoja. Maelekezo yanayosema vikombe tu bila kutaja ni vya nani yanafaa pale tu kila kitu ndani ya maelekezo hayo kinapopimwa kwa kikombe kile kile, kwa sababu hapo uwiano unabaki. Mara tu yanapochanganya kikombe na gramu, au kikombe na pakiti ya nusu lita ya maziwa, uwiano unavunjika.

Jedwali la boksi, nikilitenga na jagi, ni zuri na nimelikata nikalibandika ndani ya mlango wa kabati. Hata hivyo mtu aliye sokoni hana jedwali mkononi, na kwa ajili yake nitaandika hesabu chache za kichwani ambazo nazitumia na ambazo nimezihakiki. Galoni 11 za Kiingereza ni lita 50, na kosa lake ni dogo mno kiasi kwamba halionekani, mililita 7 tu. Ukiijua hiyo, unajua pia kuwa galoni 22 ni lita 100 na galoni 44 ni lita 200, na hapo utaelewa kwa nini pipa la chuma ambalo wazee huliita la galoni 44 ndilo hilo hilo ambalo vijana huliita la lita 200. Mmarekani huliita pipa hilo la galoni 55, na hakosei sana, kwa kuwa galoni zake ni ndogo, ingawa 55 kamili zingefika lita 208. Galoni 6 za Kimarekani ni sawa na galoni 5 za Kiingereza, kwa tofauti ya mililita zisizofika 20. Na painti za Kiingereza ukizizidisha kwa 4 ukagawanya kwa 7 unapata lita: painti 7 ni lita 4, na kosa lake ni la sehemu nusu tu katika mia. Hesabu ya saba kwa nne ndiyo iliyookoa jagi la mama lisiende kutupwa, maana sasa nalijua kwa lugha zote mbili.

Jedwali hilo, lakini, limesahau vipimo ambavyo watu wa huku magharibi wanavitumia kila siku, na hapo ndipo nililipeleka jagi kijijini. Pishi na kibaba sikuvihangaikia. Ni vipimo vya nafaka, vibaba vinne kwa pishi, na sisi tulio mbali na pwani kibaba tunakijua kwa kuwa haba na haba hukijaza. Debe ni habari nyingine. Mama mkwe wangu anaishi karibu na Ahero, anafuga ng'ombe watatu, na huwanunulia molasi inayotoka kwenye viwanda vya sukari vya upande wa Muhoroni na Chemelil. Yeye huagiza debe. Muuzaji humletea mtungi wa plastiki wa lita 20, naye pia huuita debe. Mama ana debe lenyewe, la bati, lililokuwa la mafuta ya taa zamani, limesimama pembeni ya ghala likiwa na mpini wa mti uliopigiliwa misumari.

"Mama," nikamwambia, "niazime debe lako nilipime."

"Debe halipimwi, mwanangu," akanijibu. "Debe ndilo linalopima."

Aliniruhusu hata hivyo, na akasimama kando yangu mikono kiunoni kuhakikisha simwagi maji bure. Jagi lilijaa mara tisa likamiminwa, na nafasi iliyobaki ikapokea kama mililita 100 hivi. Nikirudisha ile ziada ya mililita 12 katika kila jagi, debe lake ni la lita 18.2, na hiyo ndiyo galoni 4 za Kiingereza, ambazo ni lita 18.18. Bati lile lina mikunjo na umri mkubwa, lakini halijasahau lilikotoka. Mtungi wa lita 20, kwa hiyo, unazidi debe la kweli kwa karibu lita mbili, sehemu moja kati ya kumi. Mama mkwe alipoelewa kwamba kwa miaka yote hiyo muuzaji amekuwa akimletea zaidi ya debe, alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nisimwambie.

Gorogoro nalo nililipima siku hiyo hiyo, ingawa kazi yake kubwa ni mahindi na maharagwe. Kopo hilo la mafuta ya kupikia limeandikwa kilo 2, na wengi hudhani kuwa linachukua lita 2 za maji. La mama lilichukua lita 2.2. Sababu ni rahisi: mafuta ni mepesi kuliko maji, na kilo 2 za mafuta zinahitaji nafasi kubwa kuliko kilo 2 za maji. Anayepima maziwa kwa gorogoro akihesabu lita 2 anampa mnunuzi glasi nzima ya bure.

Hapa nimegusa jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko painti zote, na ambalo boksi halikuligusa hata kwa neno moja, nalo ni kuchanganya kilo na lita. Vyama vya wafugaji hupokea maziwa kwa mizani na kuyahesabu kwa kilo, kisha maziwa hayo hayo huuzwa mjini kwa lita. Lita ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03, kwa hiyo kilo 100 ni lita 97, na anayenunua kwa kilo akidhani ananunua lita hupoteza lita tatu katika kila mia. Mafuta ya kupikia yanakwenda kinyume: lita moja ni gramu 920 hivi, mtungi wa lita 20 una kilo 18 na kidogo, na mtungi wa kilo 20 una karibu lita 22. Nimeona mitungi ya aina zote mbili ikiwa imepangwa kwenye rafu moja kwa bei zinazokaribiana, na mara mbili nimemwona mteja akichukua yenye maandishi makubwa zaidi. Asali inashinda vyote. Lita yake hufika kilo 1.4, na kwa hiyo chupa ya mililita 500 ya asali nzuri ya Baringo inapaswa kuvuta gramu 700 kwenye mizani. Isipovuta hapo, uliza maji yameingiaje. Kwa kazi hii jagi limekuwa rafiki wa kweli: naliweka juu ya mizani, naondoa uzito wake, namimina mpaka lita moja, nasoma gramu, na kitu chenyewe kinanieleza kama ni halisi.

Kuhusu uimara wake sina mengi. Maji yanayochemka yalilipinda kidogo kwenye mdomo wiki ya pili, ingawa boksi lilidai linavumilia, na tangu hapo nalitumia kwa vitu vya baridi na vuguvugu. Mistari imechapishwa kwa nje, na msaidizi wangu aliisugua kwa waya siku moja kabla sijamkataza. Safu ya wakia imeanza kufutika. Siisikitikii.

Ningependa kulilinganisha na mshindani wake, kipimo cha bati cha nusu lita nilichotengenezewa katika soko la Kibuye, Kisumu, kwa shilingi 150. Mafundi wa bati wa soko hilo wanajulikana kwa taa, majiko na masanduku, na yule niliyemwendea alikata bati, akalikunja, akaliunga kwa risasi, yote mbele yangu kwa muda usiozidi nusu saa. Nilishangazwa na namna alivyokipima. Alitoa chupa ya maji ya kunywa ya mililita 500 ambayo haijafunguliwa, akaivunja kizibo, akaimimina yote ndani ya kipimo, akaweka alama pale maji yalipofika, kisha akakata ukingo kwenye alama hiyo hiyo. Nikamuuliza kwa nini asijaze tu chupa tupu kwenye bomba badala ya kununua mpya.

"Mama, chupa tupu ukiijaza mpaka mdomoni inazidi," akasema. "Iliyofungwa ndiyo ina nusu."

Niliporudi nyumbani nilijaribu chupa yake tupu, nikaijaza hadi mdomoni, ikachukua mililita 524. Fundi alikuwa sahihi kabisa, na nikafikiria akina mama wote wanaouza mafuta ya kupima kwa chupa ya soda au ya bia iliyojaa mpaka shingoni, kila mmoja akitoa mililita ishirini na kitu juu ya alichokipanga. Kipimo cha bati chenyewe, kikijazwa mpaka kikaribie kufurika, kilipokea mililita 503. Hakina mstari, kwa hiyo hakina painti ya kumkanganya mtu, na kwa kuwa husomwa kwa ukingo, jicho la kila mtu huona kitu kimoja. Ubaya wake ni kwamba kinajua nusu lita tu, na risasi ya maungio hainipi raha kwa vitu vichachu kama siki na sharubati ya ndimu, kwa hiyo nimekiweka kwa ajili ya mafuta pekee.

Niongeze kwa wafanyabiashara kwamba hakuna kati ya vyombo hivi viwili kinachokuruhusu kuuzia watu kwa kukinunua tu. Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, inataka chombo cha kuuzia kikaguliwe na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo, na jagi la jikoni lenye makosa ya milimita moja haliwezi kupita hapo. Mimi napimia sufuria zangu mwenyewe, kwa hiyo hainihusu, lakini jirani yangu mwenye kioski aliniomba kuliazima na nikakataa kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa mililita, kuanzia nusu lita kwenda juu, ninalipa jagi hili alama nne kati ya tano, na bei yake ni ya haki. Kwa upande wa vipimo vya zamani silipi hata moja. Nimebandika selotepu nyeusi juu ya safu za vikombe, wakia na painti, na kwenye jagi la mama nimeandika kwa rangi ya kucha neno "Kiingereza", ili mpwa wangu asiniletee tena galoni za watu wengine bila kuuliza.

Nilirudi dukani na boksi, si kudai pesa zangu bali kumwonyesha mwenye duka painti zake mbili, nikidhani angependa kumwambia anayemletea mzigo. Alivaa miwani, akalitazama boksi, akalitazama jagi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja kisha kwenye mwingine kwa muda mrefu. Akaniambia kwamba amekwisha kuuza zaidi ya thelathini, na kwamba katika wote hao hakuna aliyewahi kumuuliza habari za painti. Wanauliza lita tu, na kama halivunjiki. Akaita kijana wake, akamtuma achukue majagi yaliyobaki kwenye rafu, na nilipotoka nilimwacha kijana huyo ameketi sakafuni akiyatenga na maboksi yake, moja baada ya jingine.